Homa Iliyoingilia kwenye Magaga

Ukikaa Dodoma miaka miwili bila kupata magaga, basi ama huvai kandambili ama una hela ya mafuta. Upepo wa Juni unaanza kunyonya ngozi, Julai kisigino kinakauka, na ikifika Oktoba kimeshapasuka kama tope la Bahi likingoja mvua. Mimi magaga yangu ni ya kurithi. Mama anayo. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa nayo mpaka shuka zikinasa. Sikuwahi kuyahesabu kama ugonjwa. Yalikuwa aibu ndogo ya kuficha siku ya harusi, basi.

Nauza nafaka: mahindi, uwele, mtama, karanga, na alizeti msimu wake ukifika. Nina kibanda sokoni, na huku Nkuhungu, nyuma ya nyumba tunayopanga, nina chumba ninachokiita ghala, ingawa aliyeyaona maghala ya Kibaigwa atanicheka. Kinaingia magunia themanini kwa kubanana. Machi ya mwaka juzi ilinyesha usiku kucha, ile mvua yetu isiyojua kunyesha kidogo. Alfajiri nikafungua mlango nikakuta maji yananifika kwenye kifundo cha mguu. Magunia ya chini yalikuwa juu ya chaga, ila chaga mbili zilikuwa zimeoza siku nyingi, na mimi nilikuwa nalijua hilo siku nyingi.

Nikakaza kitenge, nikaingia. Kandambili zikaelea, zikaenda zao. Kwa saa tatu nilikuwa peku mle ndani na vijana wawili wa mkokoteni, tunahamisha mzigo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa iliyopoa, na juu yake yanaelea mavi ya panya kama punje za mchele mweusi, yanakusanyika pembeni kila tukipita. Nilikuwa nayasukuma kwa mguu. Akilini nina hesabu moja tu: magunia mangapi yamelowa, na nani atanunua uwele ulioanza kuota.

Siku ya tisa, jua la saa saba linawaka, nikaanza kutetemeka pale kibandani. Nikaomba khanga, nikaomba na ya pili. Kichwa kilikuwa kinauma kwa nyuma ya macho, kama mtu yuko ndani anayasukuma kwa vidole gumba. Ila kilichonishangaza ni vigimbi. Sikuwa nimekimbia wala kupanda Mlimwa, lakini kushuka kwenye bajaji nilishindwa. Nyumbani mume wangu akanishika kigimbi anikande, nikapiga yowe mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Yaliyofuata kila Mtanzania anayajua kwa moyo. Zahanati ya kwanza wakanitoboa kidole, kipimo cha malaria kikaonyesha hakuna kitu, nikapewa dawa mseto vilevile, eti wadudu wakati mwingine wanajificha. Siku tatu baadaye nikaenda kwingine. Huko wakakuta taifodi "kwa mbali" na mkojo "mchafu kidogo". Malaria, taifodi, yutiai: huo ndio utatu wetu, na mtu mzima akitoka zahanati bila hata moja anahisi amedhulumiwa. Nikachomwa sindano, nikarudi kulala. Homa ikashuka siku moja, nikafua hata nguo, kesho yake ikarudi na hasira.

Kisha macho yakawa mekundu. Hayakuwa na tongotongo, hayakuwasha, ni wekundu tu uliotanda kama nimeshinda kwenye moshi wa kuni. Mwenzangu wa kibanda cha pili alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama shemeji yake ameanza kunipiga.

Sehemu ya tatu niliyopelekwa nilimkuta tabibu kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Vyeti nilivyompa akaviweka pembeni bila kuvifungua. Akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

Nilikuwa nimeumwa zaidi ya wiki na hilo swali lilikuwa halijaulizwa na mtu. Nikamwambia nauza nafaka.

"Ghala lako lina panya?"

Nikacheka, na kucheka kwenyewe kuliniuma. Nikamwambia anionyeshe ghala lisilo na panya Dodoma nzima. Akauliza kama nimeingia kwenye maji ya mvua ile. Akabonyeza kigimbi, nikaruka. Halafu akainama, akaukamata mguu wangu, akakiangalia kisigino kwa muda mrefu kiasi kwamba niliuvuta kwa aibu. Nikajitetea kwamba nilikuwa nina mpango wa kupaka mafuta.

"Hapa ndipo mdudu alipoingilia," akasema. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza mtu akiniambia mimi, uso kwa uso, maneno niliyowahi kuyasikia redioni: homa ya mgunda.

Alipima damu kuangalia figo na ini, akanipa doksisaiklini ya siku saba, akaniambia wazi kwamba pale hawana kipimo cha kuthibitisha. "Nakutibu kwa dalili na kwa maelezo yako." Siku ya pili homa ilikata. Kwa hiyo siwezi kuapa msikitini kwamba nilikuwa nayo. Ninachoweza kusema ni kwamba dawa tatu za magonjwa mengine hazikunisaidia, na hiyo ilinisaidia. Na wewe usiende kuinunua duka la dawa kwa sababu umenisoma mimi. Ninajua tabia zetu.

Hilo jina, homa ya mgunda, wengi wetu tulilipata Julai 2022. Huko Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu walianza kupata homa, kichwa, uchovu mkubwa na kutokwa damu puani. Nchi nzima ikashika roho. Wakapimwa Ebola, wakapimwa Marburg, wakapimwa Uviko, hakuna. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Wagonjwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Nakumbuka nilikuwa napima karanga kwa mteja, redio inasema "panya", mteja akasema hayo ni mambo ya Lindi, huku kwetu kukavu. Nikamuunga mkono, nikafunga mfuko.

Kukavu kweli. Mgunda ni shamba katika lugha kadhaa za Kibantu, na wapagazi wa misafara ya zamani, wakitoka Ugogo kwenda Unyamwezi, walilipa pori kame la kule Manyoni na Itigi jina la Mgunda Mkali, kwa jinsi lilivyowaua kwa kiu. Kwa hiyo neno hilo huku kwetu limebeba ukame, na sasa limerudi limebeba homa ya maji. Pengine ndiyo maana halituingii kichwani.

Nilipopata nguvu nilianza kusoma, kwa simu, usiku, mume akilalamika mwanga. Bakteria wenyewe wanaitwa leptospira. Wamejisokota kama uzi wa kizibuo, na ncha zao zimepinda kama ndoano. Mwaka 1907 mtaalamu wa Marekani aitwaye Arthur Stimson aliwaona ndani ya figo ya mtu aliyekufa New Orleans. Kwa jinsi walivyopinda akaona wanafanana na alama ya kuuliza, akawapa jina linalotokana na neno la Kilatini la kuuliza, nao mpaka leo wanalo. Sasa sikiliza: marehemu yule alikuwa ameandikwa kwamba kafa kwa homa ya manjano. Yaani mdudu huyu tangu siku ya kwanza alipoonekana na binadamu, mgonjwa wake alikuwa na cheti cha ugonjwa mwingine. Nilipofika hapo nilizima simu nikacheka peke yangu gizani.

Wajapani ndio waliofunga kesi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ryukichi Inada na Yutaka Ido waliwakuta bakteria hao kwa wachimba makaa ya mawe wa kisiwa cha Kyushu, watu wanaoshinda wamesimama kwenye maji ndani ya mashimo. Mwaka 1917 kundi hilohilo likaeleza kwamba mbebaji ni panya.

Na anavyowabeba ndiko kulikonitoa usingizini. Panya haumwi. Bakteria wanakaa kwenye mirija ya figo zake, wamejipanga ukutani mwa mirija hiyo kama watu waliopanga chumba cha bei nafuu, na kila akikojoa wanatoka. Anaweza kuendelea hivyo miezi mingi, pengine maisha yake yote, huku anakula, anazaa, ana afya kuliko mimi. Na panya hakojoi mara moja akamaliza kama ng'ombe. Anadondosha matone njiani, kila anapopita, kuwaachia wenzake alama. Tunasema panya huuma huku akipuliza. Huyu wa leptospira wala hahitaji kuuma.

Miaka kumi na mitatu ya biashara hii nimekuwa nikihesabu anachokula panya. Kilo ngapi kwa gunia, kiroba kipi kimetobolewa, hasara ya msimu kiasi gani. Ninayo daftari. Anachoacha sijawahi kukiandika popote.

Mkojo ukianguka penye sakafu kavu, jua likapiga, leptospira wanakufa haraka. Hawavumilii kukauka kabisa. Ukianguka kwenye maji yaliyotulia au udongo wenye unyevu, wanaweza kuishi wiki nyingi, hata miezi. Kisha wanangoja ngozi yenye mlango: mkato, mchubuko, jicho, mdomo, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini. Au magaga. Ninyi mnaofikiria ukavu wa Dodoma unatulinda, ni kweli unatulinda, kwa miezi saba au minane. Ila ukavu huohuo ndio unaotupasua visigino, halafu Desemba inatukabidhi kwa maji tukiwa tumepasuka. Kutoka maji yalipokugusa mpaka homa inaanza ni siku mbili hadi thelathini, mara nyingi kati ya tano na kumi na nne. Nani atakumbuka maji ya siku tisa zilizopita? Mimi sikukumbuka.

Walio wengi hupona, wengine bila hata kujua waliumwa. Wachache inawashukia vibaya: macho na ngozi vinakuwa njano, figo zinagoma, mapafu yanavuja damu. Hao ndio wanaokufa, na hao ndio kuchelewa kunawamaliza.

Kuna jambo moja sijaona likisemwa, na sisi watu wa huku ndio tuna haki ya kulisema. Wazee wa Mvumi waliolelewa kwenye tembe wanaijua homa ya papasi. Papasi wale wanaojificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu ya udongo, usiku wanatoka wanakunyonya, kisha homa inakuja, inaondoka, inarudi. Bakteria wa homa ile naye amejisokota, ni wa ukoo mmoja na leptospira. Bibi alikuwa anaitaja kama mtu anavyomtaja mdai wake, kwa jina na kwa msimu. Kwa nini ile ilipata jina na hii haikupata? Nadhani jibu ni darubini. Mtaalamu wa maabara akiangalia tone la damu kutafuta malaria, mdudu wa papasi anaonekana palepale, ameshika rangi, anakukodolea. Leptospira ni mwembamba mno, rangi za kawaida hazimshiki, anahitaji darubini ya namna nyingine yenye uwanja mweusi, na baada ya wiki ya kwanza anakuwa ameshaihama damu. Kipimo kinachoaminika zaidi huchanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na leptospira hai, kuona kama kinga yake inawagandisha. Hicho hukikuti zahanati. Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, wanakifanya, na ipo hata aina moja ya leptospira iliyogunduliwa huko inayobeba jina la Sokoine. Kutoka kwangu ni kilomita 260 hivi.

Siku hizi hata darubini ya kutafutia malaria imepungua, tumeingia kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na kile kinajua swali moja tu. Sikilaumu, kimeokoa watu wengi. Lakini Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini, na bado homa yetu inaandikiwa dawa mseto kwa mazoea. Huko Moshi watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa kati ya 2007 na 2008. Zaidi ya nusu, 528, madaktari waliwaandika malaria. Walipopimwa sawasawa, malaria ilikuwa ndiyo chanzo kwa 14. Kumi na wanne! Na waliokutwa na leptospirosisi walikuwa 40. Mimi ni mtu wa mizani; mizani inayokosea kiasi hicho sokoni, ungeitupa mtaroni.

Sasa, kabla hamjakimbilia kwa yule kijana anayepita na spika, "dawa ya panya, mende, kunguni", kuna kitu kingine kutoka hukohuko kaskazini. Watafiti walikamata karibu panya 400 wakawapima figo wakitafuta leptospira. Hawakumpata hata kwa mmoja. Wakapima mifugo waliokuwa wanachinjwa, na kwenye ng'ombe wakampata kwa takribani saba katika kila mia. Mbuzi na kondoo pia walikuwamo, kwa uchache. Kwingine, Morogoro ikiwemo, panya amekutwa nayo bila ubishi. Kwa hiyo inategemea na mahali.

Nilimsomea mume wangu habari ya ng'ombe, akanyamaza. Yeye ni Mgogo wa kwao kabisa. Unaweza kumtukania panya lakini si ng'ombe. Ila wote wawili tunalijua lambo la kijijini kwao. Mwezi wa tatu limejaa, ng'ombe wameingia mpaka tumboni, wanakunywa na kukojoa kwa wakati mmoja, na upande wa pili watoto wanaogelea, mama anachota. Maji hayo hayajawahi kumuuliza mtu kama mkojo ni wa panya au wa maksai.

Ghala nimelitengeneza kadiri ya mfuko. Chaga mpya, matundu nimeziba kwa wavu wa chuma na simenti. Nilinunua paka, wiki ya kwanza alifanya kazi kwa sifa, ya pili akagundua mama wa mtaa wa pili anauza dagaa. Sumu nilijaribu, panya akafia darini, tukaishi na harufu siku kumi, na baada ya mwezi wakawa walewale au ndugu zao. Panya shamba peke yake anaweza kuzaa kumi na moja kwa mkupuo baada ya mimba ya wiki tatu na ushei, utamshinda kwa pakiti za mia tano? Maji yakiingia sasa ninamwaga jiki kwanza, ninayatoa, ninafungua kila kitu jua liingie. Na ninavaa mabuti ya mvua. Vijana wa mkokoteni wananiita Mama Zimamoto. Niliwanunulia jozi mbili. Mmoja aliiuza wiki hiyohiyo, na sikumlaumu sana, alikuwa na kodi ya chumba.

Mjomba wangu ndiye sikumuweza. Analima mpunga Bahi, majaruba matatu. Nilimpelekea mabuti, akayavaa kwa heshima yangu, akaingia jarubani hatua nne, akakwama. Mguu ukatoka, buti likabaki. Tope la Bahi linavua buti kama mama anavyomvua mtoto viatu akilala. Akasimama pale na mguu mmoja hewani, akaniambia, "Mwanangu, hawa waliotengeneza hivi vitu hawajawahi kupanda mpunga." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilimwachia mafuta ya kupaka visiginoni, na nikamwambia akipata homa, kitu cha kwanza kumwambia daktari kiwe ni kazi yake, kabla hata ya kutaja kichwa.

Aprili hii alinipigia, sauti imekauka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Naumwa. Mwili wote, na hivi vigimbi."

Nikasimama na simu katikati ya wateja. Nikamuuliza kama ameshafika hospitali. Ameshafika, yuko hukohuko, amekaa benchi, wamemwandikia dawa ya malaria.

"Mjomba, uliwaambia unalima mpunga?"

"Hawajaniuliza hilo."

"Wamekuuliza nini?"

"Kadi ya bima."

Nikamwambia asiondoke pale benchini, nikamwachia kibanda mwenzangu, nikaenda kutafuta gari la Bahi.